Nyumba Niliyoikata Miguu

Muzee wa nyumba ya kona amekufa. Ninaandika hivyo hivyo, bila mapambo, kwa sababu binti yake aliyetuletea habari hakuipamba. Ilikuwa Jumanne, saa ya michoro, sote tumeinamia meza tukijifanya tunajua tofauti ya mstari mnene na mstari mwembamba. Mama huyo akasimama mlangoni, kitenge kimefungwa haraka haraka, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. "Papa ametuacha asubuhi hii," akasema. "Alisema mutoto wa plani naye aambiwe." Akamwomba prof msamaha kwa kusumbua darasa, akaondoka. Wenzangu wote wakanigeukia wakingoja niseme kitu cha kuchekesha, maana ndiyo kazi yangu hapa shuleni, na ninyi mnaosoma ukurasa huu wa gazeti letu mmenizoea hivyo: mimi ndiye niliyeandika juu ya maharage ya kantini, na juu ya tumbo la prefe, mkuu wetu wa shule, ambalo hufika mkutanoni kabla yake. Nilichonga penseli mpaka ikabaki kama kijiti cha kuchokolea meno.

Nyumba yenyewe mnaijua. Ni ile ya mjini yenye upande mmoja wa mviringo kama pua ya meli, na madirisha matatu ya duara ambayo kila mmoja wetu aliwahi kuchungulia akiwa mdogo. Ilijengwa na Mzungu mmoja wa kahawa kabla ya uhuru, wakati matajiri wa mji huu walipenda nyumba zao zifanane na meli, ingawa meli ya baharini haijawahi kufika hapa na haitafika. Juu ya kila dirisha kuna kofia ndefu ya zege inayozuia mvua na jua, kwa hiyo ukipita saa sita mchana utadhani nyumba imekunja uso. Ndani kuna mahali pa kuotea moto, kwa sababu Mzungu alisikia baridi ya Goma akaamini kwamba ni ya kwao. Kuna bafu la kulala mutu mzima, na muzee alikuwa amepanda mboga ya lengalenga humo. Ninasema "kuna, kuna" kwa mazoea. Siku hizi hakuna.

Muzee aliilinda miaka mingi kuliko umri wa prefe. Alitoka upande wa Butembo akiwa kijana, na alipozeeka wenye nyumba walikuwa wametawanyika duniani, wamebaki kuwa sauti za simu wakati wa Krismasi. Mwaka jana sauti hizo zikamwambia kwamba nyumba imeuzwa, na mwenye kununua anataka kujenga hoteli ya vioo vya bluu. Hakulia. Alisikia kwenye redio kwamba kuna biro moja ya serikali mjini inayoandikisha nyumba za zamani zisibomolewe ovyo. Mutu analeta plani ya nyumba pamoja na maelezo mafupi, wakubwa wanaangalia, wakiona ina thamani wanaiandika kwenye orodha, na mwenye kununua atalazimika kujenga hoteli yake kwingine. Basi muzee akavaa koti, akaja shuleni kwetu kwa sababu tuna seksheni ya ujenzi, akaomba apewe mwanafunzi anayejua kuchora. Wiki hiyo nilikuwa nimekamatwa na mchoro wa nguzo ya Kigiriki yenye kichwa cha prefe juu yake. Prof akaona hapo hapo kwamba mchoraji amepatikana, na adhabu pia imepatikana.

Jumamosi ya kwanza nilifika na mita ya chuma na midomo yangu yote miwili. Tuliingia kama kila mutu alivyokuwa akiingia: unapanda ubao mmoja mfupi, unapita kati ya vyuma vya baraza la mbele, unainua mguu juu kidogo mlangoni, uko ndani. Nilipima vyumba vinne, kolido, bafu la lengalenga na baraza. Muzee alinifuata akishika mwisho wa mita. Kila alipofungua mdomo mimi nilikuwa nimeshautumia. "Chumba hiki—" alianza. "Chumba hiki, muzee, ndimo Mzungu alimofichia mke wa pili," nikasema. Akacheka. "Na hapa, mutoto—" "Hapa alikuwa anamficha wa kwanza." Akacheka tena, akakohoa, akaacha. Kwenye kolido kulikuwa na kabati zito limesimama juu ya mbao, nami nikalizunguka bila kuliuliza chochote. Saa tano nilikuwa nimemaliza. Nyumbani nikaichora vizuri, wino mweusi, herufi za mraba, nikaandika chini: nyumba ya chini, bila etaji, vyumba vinne, baraza la mbele. Nilikuwa na fahari mpaka nikaionyesha kwa wadogo zangu.

Tukaipeleka biro pamoja. Mama wa biro alikuwa mpole, ana miwani yenye kamba. Aliangalia plani yangu kwa muda mfupi sana. "Mutoto wangu, umechora muzuri," akasema, "lakini hii ni nyumba ya kawaida. Vyumba ine na baraza. Za namna hii ziko mingi kule mtaa wa Mapendo. Historia iko wapi?" Nikamwambia ina kona ya mviringo. "Hata sufuria yangu ni mviringo," akajibu, na kwa mara ya kwanza mwaka huo nilikutana na mutu aliyenishinda. Akagonga muhuri: haistahili. Muzee alisimama pembeni ameshika kofia, hakuelewa nyumba imekosa nini, kwa sababu maandishi ya plani yalikuwa ya Kifaransa. Tulipotoka akaniomba ile karatasi. Kusoma hakujua sana, ila plani aliishika sawasawa, juu kuwa juu, kama mutu aliyezishika nyingi. Aliiangalia kwa muda mrefu pale barabarani, pikipiki zikitupigia honi. "Ngazi iko wapi?" akauliza. Nikamwuliza ngazi gani. "Mutoto," akasema, "umekata nyumba miguu."

Nilicheka, nikidhani sasa ni zamu yake ya kufanya mzaha. Hakucheka. Tulirudi kwa miguu, akaniambia nimsaidie kusukuma lile kabati la kolido. Akainua mbao moja moja. Chini yake kulikuwa na ngazi ya zege, pana, iliyopinda kwa madaha kama mama anayegeuka kuonyesha kitenge kipya. Ilishuka vidato saba, halafu ikaingia ndani ya jiwe jeusi kama kijiko ndani ya bugali. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo wazazi wetu wote wanalijua na hakuna aliyetuambia, kwa sababu walidhani linaonekana. Volkano ilipoteremka mjini, kabla sisi hatujazaliwa, iliingia ndani ya nyumba hiyo kwa mlango mkubwa, ikajaza vyumba vya chini mpaka kwenye dari, ikapoa humo. Moto ulikula milango na paa. Kuta na zege vikabaki. Watu waliporudi walikuta barabara imepanda mpaka kwenye etaji, ghorofa ya juu, basi wakakata vyuma vya balkoni, wakaweka ubao, wakaendelea kuishi. Lile tunaloliita baraza ni balkoni. Mlango tunaoinua mguu kuupita ni dirisha. Maisha yangu yote nimeingia katika nyumba hiyo kwa dirisha kama mwizi, na nikaenda kuandika kwenye karatasi ya serikali kwamba nyumba inaishia hapo.

Nilitaka jiwe hilo linimeze na mimi. Nikamwambia muzee tutaichora upya. Akaniangalia akipima kama ninaongea kweli au ninaandaa mzaha, akatoka nje, nikamfuata. Uwanja wa nyumba hiyo ni volkano tupu, lile jiwe jeusi lililopoa, ina mikunjo kama shuka la mutu mvivu. Nyumba ya chini ilikuwa pana kuliko ya juu, sehemu yake ilitokeza nje, kwa hiyo nusu ya vyumba vilikuwa chini ya miguu yetu pale uani. Muzee akaanza kutembea juu ya mawe kwa hatua za kuhesabu, akigeuka kona ambazo sikuziona. "Hapa ni mulango. Ingia. Hapana, weye umepita mu ukuta, rudia." Nikarudia. "Hapa jikoni. Pale batu banakula. Toka hapo, umekanyaga meza." Nikatoka juu ya meza. "Na hapa, muzee?" "Hapo uliposimama ni choo." Nikaruka. "Usiogope," akasema, "ilishajaa." Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akimaliza sentensi yake mwenyewe, na ilikuwa nzuri kuliko zangu zote. Tulitembea hivyo Jumamosi tatu, mimi na kamba na chaki, tukipima vyumba visivyoonekana. Nilipolinganisha hatua zake na kuta za juu, zilikubaliana karibu kabisa.

Chumba kimoja, sebule, alikuwa akikiruka. Kila tulipofika katikati, alikizunguka kwa nje, akaniambia, "Salon, ile ni ya mwisho." Nilipomsumbua sana akakaa juu ya jiwe, akakunja suruali, akanionyesha magoti. Yalikuwa na ngozi ngumu nyeusi kama soli. Alikuja Goma, akaniambia, akiwa msaidizi wa fundi mmoja wa granito, ile sakafu ya vipande vidogo vya mawe vinavyochanganywa na sementi, halafu vinasuguliwa mpaka ving'ae. Mwenye nyumba wa wakati huo alitaka salon itengenezwe upya. Fundi akapatwa na homa siku ya pili, akarudi kwao, na kijana akabaki peke yake na magunia ya mawe na chumba kikubwa. Hakumwambia mutu yeyote kwamba hajui. Alitumia volkano nyeusi iliyovunjwavunjwa, mawe meupe yaliyokuja kwa lori, na matofali mekundu. Katikati akaweka ua kubwa. Alisugua kwa mkono, kwa jiwe na maji, amepiga magoti wiki baada ya wiki. "Mwenye nyumba aliingia akavua viatu," muzee akasema. "Muzungu, akavua viatu mu nyumba yake mwenyewe." Baada ya hapo alifanya sakafu nyingine ndogo ndogo, lakini kazi ikapotea, akakubali kuwa sentineli wa nyumba hiyo ili asiwe mbali nayo. Kila kitu kingine alichokijenga maishani kilibomolewa au kilifunikwa vigae. Iliyobaki nzima ni hiyo moja, nayo imelala chini ya jiwe. Prof wetu anasema joto la volkano lazima liliipasua. Nilipomfikishia muzee maneno hayo akauliza kama prof alishuka kuangalia.

Kwa hiyo nyumba kubaki au kubomolewa ilikuwa nusu tu ya shida yake. Alitaka sakafu ile iwepo mahali fulani ambapo macho yanafika, hata kama ni karatasi. Nilimwambia tuianze leo. Akakataa. Alikuwa akiiweka ya mwisho, vile mutu anavyokula bugali akiacha kipande cha nyama pembeni ya sahani. "Wiki ijayo," akasema. Halafu ikawa ile Januari ya vita, ninyi wote mnaijua, sina haja ya kuieleza. Biro ikafungwa. Mama mwenye miwani ya kamba hatukumwona tena, na sijui yuko wapi. Shule ilipofunguliwa nilikwenda kwenye nyumba ya kona, nikakuta msalaba mwekundu umepakwa ukutani, ule wa kusema itabomolewa. Muzee hakuwepo. Alikuwa amepelekwa kwa binti yake, kwenye njia ya kwenda Kibati, akiwa mgonjwa.

Nilikwenda na karatasi zangu na penseli za rangi tatu, nyeusi, nyekundu, na nyeupe ya karatasi yenyewe. Alikuwa amelala kwenye kitanda karibu na dirisha, mwembamba sana. Alinijua. "Fundi wa plani amekuja," akamwambia binti yake. Nikamwambia, "Muzee, leo ni salon." Akafumba macho, akaanza kueleza vizuri: ukanda mweusi kuzunguka chumba chote, ndani yake mstari mwekundu, ndani yake nyeupe, na katikati ua lenye majani nane. Nikachora. Akafumbua macho, akaangalia. "Sita," akasema. "Yalikuwa sita." Nikachora sita. Akaanza kuniambia juu ya misalaba midogo kwenye kona, binti yake akasema kwa sauti ya chini, "Papa, hiyo ni ya kanisa, ile uliifanya nyuma, baada ya salon." Akakubali, ni ya kanisa. Kisha akaniita kwa jina la yule fundi wake wa zamani aliyerudi kwao na homa, akaniomba msamaha kwa kutumia mawe mengi meupe bila ruhusa. Nikamsamehe, ningefanya nini? Mchana ulipoisha nilikuwa na michoro mitano, kila mmoja na ua lake. Nikaipanga juu ya blanketi. "Niambie ni upi, muzee. Onyesha kwa kidole tu." Aliitazama yote kwa zamu, bila haraka, kama mutu anayepita sokoni bila pesa. "Yote ni mazuri, fundi," akasema, akageukia ukuta. Nilikaa hapo nikisubiri. Wiki iliyofuata ndiyo ile Jumanne.

Kwenye kilio nilikaa pembeni na viti vya plastiki. Muzee mmoja asiyewajua watu wa pale aliuliza marehemu alikuwa anafanya kazi gani. "Sentineli," akajibiwa. "Alikuwa analinda nyumba mjini." Nilitaka kusimama niseme alikuwa fundi, na kwamba Mzungu alivua viatu. Ningeulizwa, iko wapi hiyo sakafu? Ningejibu, iko chini ya volkano. Ningeulizwa, wewe uliiona? Mimi huyo, ambaye kila mutu anajua hotuba zangu huishia wapi. Nilibaki nimekaa, nikala maharage, na ninaona aibu mpaka sasa.

Mashine ilikuja siku chache baada ya mazishi. Pua ya meli ilianguka asubuhi, kofia za madirisha zikafuata, bafu la lengalenga likabebwa na mutu mmoja kichwani. Kwa siku mbili etaji yote ilikuwa imekwisha. Walipofika kwenye jiwe, jino la mashine likavunjika, na injinia wa hoteli akasema hakuna haja ya kuchimba, volkano ni msingi mzuri kuliko ule ambao angeweza kuununua. Kwa hiyo hakuna atakayeigusa sakafu ya muzee. Wala hakuna atakayeiona. Nimejaribu kuamua kama hiyo ni habari njema au mbaya, nimeshindwa. Ninapotembea mjini sasa ninaangalia chini. Sisi wa umri huu tumezaliwa juu ya mapaa ya wazazi wetu, tukapaita chini. Tunapima kila kitu kuanzia miguu yetu. Mama yangu anapita barabara fulani akisema, "hapa palikuwa na duka," nami nilikuwa nikidhani anapoteza muda, kumbe alikuwa akitembea juu ya duka. Na volkano itateremka tena siku moja, bila kuuliza nani amemaliza plani yake, na watoto wa watoto wetu wataingia nyumbani mwetu kwa dirisha, wakisema ni mlango. Sijui mutu anafanya nini na jambo kama hilo. Nimemwuliza prof wa jiografia, naye ametupa kazi ya nyumbani.

Plani nimeimaliza, ingawa hakuna biro ya kuipeleka na hakuna nyumba. Iko na etaji zote mbili, ngazi na vidato vyake, jikoni, meza ya kulia, hata choo. Prof aliitundika ukutani, akaisifu, jambo ambalo halijawahi kunitokea na lilinitia wasiwasi. Halafu akaweka kidole katikati. "Salon umeiacha tupu. Si una michoro mitano? Chagua mmoja, weka. Nani atajua?" Darasa likanisubiri. Mnanijua, nimejaza kurasa nyingi za gazeti hili kwa mambo ambayo hayakutokea, na mstari mmoja wa uongo haujawahi kunizuia kulala. Lakini nilikwisha kuikata nyumba hiyo mara moja kwa penseli yangu. Nikamwambia, "Prof, sijui yalikuwa majani mangapi." Nimeandika humo vipimo vya chumba tu, na chini yake: sakafu ya granito, kazi ya muzee, haijaonekana. Ninyi wenzangu wa ujenzi mtakaotumwa kupima nyumba ya mutu, wekeni mita mfukoni kwanza, fungeni midomo, mwacheni aanzie pale anapotaka yeye. Kuta zitawasubiri. Yeye hatawasubiri.